Nyimbo bora za Ozzy: jina moja kwenye jalada, mikono mingi ndani

Ozzy Osbourne alifariki tarehe 22 mwezi wa saba 2025, akiwa na miaka 76, siku 17 tu baada ya tamasha lake la kuaga huko Birmingham, Uingereza. Mtu ambaye hakumfahamu na leo anataka kujua kwa nini mashabiki wa muziki wa heavy metal walimlilia vile, ataelekezwa kwenye diski za mkusanyiko. Ziko kadhaa: The Ozzman Cometh ya mwaka 1997, The Essential Ozzy Osbourne ya 2003, na Memoirs of a Madman ya 2014, yenye nyimbo 17.

Ni mlango mzuri. The Ozzman Cometh inaanzia kwenye rekodi za mwaka 1970, Ozzy akiwa bado kijana wa kundi la Black Sabbath, na kumfuata hadi miaka ya 90. Kwa muda wa saa moja na zaidi, msikilizaji anapita maisha ya mtoto wa Aston, mtaa wa wafanyakazi, aliyefukuzwa katika kundi lake mwaka 1979 na kuanza upya peke yake.

Lakini neno hilo, «peke yake», ndilo lenye shida. Mkusanyiko wa aina hii unaweka jina moja na sura moja kwenye jalada, na msikilizaji anaamini kwamba kila kitu kilitoka kwa mtu mmoja. Sivyo.

Tuchukue Crazy Train, wimbo wake unaojulikana kuliko yote aliyoimba baada ya Black Sabbath. Uliandikwa na watu watatu: Ozzy, mpiga gita Randy Rhoads na mpiga besi Bob Daisley. Mpiga ngoma alikuwa Lee Kerslake. Rhoads alikufa katika ajali ya ndege Florida, Marekani, mwaka 1982, akiwa na miaka 25. Maneno ya Mama, I'm Coming Home yaliandikwa na Lemmy wa kundi la Motörhead. Nyimbo hizo zote mbili zimo katika The Ozzman Cometh.

Daisley na Kerslake ndio walioonja uchungu zaidi. Walipiga kwenye albamu Diary of a Madman ya 1981, lakini ilipotoka, jalada lilionyesha majina ya wanamuziki wengine wawili ambao hawakuirekodi. Baadaye walikwenda mahakamani kudai haki zao za malipo, na mahakama ya Marekani ikatupilia mbali madai yao. Mwaka 2002, albamu hiyo na ile iliyotangulia, Blizzard of Ozz, zilitolewa upya, besi na ngoma zao zikiwa zimefutwa na kupigwa tena na watu wengine. Mashabiki walinung'unika kwa miaka. Ni mwaka 2011 ndipo rekodi za kwanza ziliporudishwa.

Wako watakaosema kwamba watu hununua sauti ya Ozzy, si besi ya Daisley. Ni kweli. Bila sauti ile, na bila jina lile, nyimbo hizo zisingefika mbali, na hakuna anayeomba jina lake liondolewe. Lakini jina kubwa halihitaji kufuta madogo ili libaki kubwa. Na mahakama inaamua nani alipwe kwa mujibu wa sheria. Haiwezi kuamua nani alipiga ngoma ile siku ile studioni.

Wakongomani wanalifahamu jambo hili. Wimbo Mario wa mwaka 1985 unaitwa wa Franco, na ni haki yake, lakini kila anayeusikia anaitambua sauti ya Madilu System. Madilu anakumbukwa kwa sababu aliimba. Je, waliokaa nyuma na besi na ngoma wanakumbukwa na nani?

Kerslake, akiwa mgonjwa wa kansa, aliiandikia familia ya Osbourne akiomba diski za platini za albamu zile mbili, apate kuzitundika ukutani kwake. Mwanzoni mwa 2019 alizipata, pamoja na barua ya Ozzy. Mwaka uliofuata akafariki, akiwa na miaka 73. Ozzy alifanya vizuri kujibu. Ila mtu hapaswi kungoja ugonjwa wa mwisho ili atambuliwe kwa kazi aliyoifanya miaka karibu 40 iliyopita.

Sasa kwa vile watu wengi wanasikiliza kwenye simu, bila jalada wala kijitabu chake, hatari imeongezeka. Makampuni yatatoa mikusanyiko mingine ya Ozzy, hilo halina shaka. Yaandike chini ya kila wimbo nani alitunga, nani alipiga gita, besi na ngoma, mahali msikilizaji anaweza kuona bila kutafuta. Haigharimu kitu. Na heshima ya Ozzy haitapungua hata kidogo.