Pumziko si Uvivu: Mpangilio wa Mikupuo, Nguvu na Kasi

Wahenga walinena kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Makocha si haba huifasiri methali hii kwa kumkamua mwanariadha hadi tone la mwisho: sharti anyanyue vyuma mpaka magoti yatetemeke ndipo ahesabiwe kuwa amejitahidi. Fasiri hii ina walakini, hasa kwa anayetafuta kasi.

Mwanafunzi wa ushairi anaujua mshororo wa mizani 16. Malenga hauimbi kwa pumzi moja. Huukata kwa ukwapi na utao, nane kwa nane. Mizani haipungui, nayo sauti hubaki na nguvu hadi kina cha mwisho. Mazoezi ya vyuma ni vivyo hivyo. Minyanyuo 24 yaweza kugawanywa katika mikupuo 4 ya minyanyuo 6 mfululizo. Aidha, kila mkupuo waweza kukatwa kwa minyanyuo 2, pakiwa na pumziko la sekunde 15 hadi 30 katikati. Uzito ni ule ule, idadi ni ile ile. Kinachobadilika ni mpangilio.

Siri imo misulini. Fosfokreatini, akiba ya nishati ya haraka, hupungua upesi mtu anaponyanyua kwa nguvu zote, na huanza kurejea punde apumzikapo. Asipopumzika, minyanyuo huzidi kuwa ya polepole. Mwili nao hujifunza unachofunzwa.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Pareja-Blanco na wenzake wa Uhispania. Kundi lililokoma kasi iliposhuka kwa asilimia 20 liliongeza nguvu sawa na lililoendelea hadi asilimia 40, japo lilinyanyua mara chache zaidi. Tena liliendelea vyema zaidi katika kuruka. Hata hivyo, kundi la pili ndilo lililokuza misuli zaidi. Mkupuo mrefu, basi, una kazi yake. Usitwikwe isiyo yake.

Kenya, iliyozoeleka kwa mbio ndefu, ilimshuhudia Julius Yego akirusha mkuki mita 92.72 jijini Beijing mwaka 2015, na Ferdinand Omanyala akikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwaka 2021. Vijana watakaowafuata wanahitaji nguvu yenye kasi. Kocha anayewachosha bila kipimo anawapokonya kasi hiyo.

Wapenzi wa Kiswahili nao wana deni. Maarifa haya yakisalia katika lugha ya kigeni, kocha wa kijijini atayapata wapi? Mkupuo, mnyanyuo na pumziko ni maneno yaliyo tayari. Hapana budi yatiwe kazini.