Acheni Kuuziana Kaboni

Wadau wa upinde, leo tutakosana. Mikono ya kaboni kwenye upinde wa jadi wa kuwinda ni pesa ya kutupa. Na nasema hivyo nikiwa nimeinunua.

Kabla mtu aniite jangili: Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, mimi hulenga magunia ya matambara tu. Lakini video tunazotazama zinatoka Marekani, ambako watu huwinda kulungu kwa upinde, na ndizo ziliniingia kichwani. Jamaa anavuta, anaachilia, anakuambia kaboni ni roketi. Nikaweka akiba miezi mitano, pesa ambayo mama alidhani ni ya kurudi chuo (niliacha mwaka wa pili, hiyo ni stori ya siku nyingine). Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya faibaglasi. Uzito wa kuvuta ule ule, ratili 40.

Nikaazima mashine ya kupima kasi. Mshale wa gramu 26: faibaglasi futi 172 kwa sekunde, kaboni 177. Nikafurahi kidogo. Nikaweka mshale wa gramu 35, ule mzito wa kuwindia: 153 na 155. Futi mbili! Ada ya semesta nzima, futi mbili.

Na si uchawi. Kaboni ni nyepesi na ngumu kupinda kuliko faibaglasi, kwa hivyo mkono unatumia nguvu kidogo kujirusha wenyewe na inayobaki inaenda kwa mshale. Hapo hawadanganyi. Ila faida hiyo inaonekana na mshale mwepesi, na mwindaji hubeba mzito kwa sababu ndio unaopenya. Kwa mita 15, zile futi mbili zinabadilisha mahali mshale unapogonga kwa kama sentimita moja. Mkono wako ukitetemeka tu umepoteza zaidi ya hiyo.

Ati kulungu hatawahi kukwepa? Sauti ya uzi husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Mshale wangu wa kaboni, mita 47. Mnyama amesikia zamani, mshale bado uko njiani. Kinachomwokoa asijeruhiwe bure ni wewe kukaribia na kutulia, na upinde usiopiga kelele.

Kwa wanamichezo wa Olimpiki sina neno. Wanalenga mita 70 kwa mishale myepesi, na mkono usiojipinda kando unawasaidia kweli. Huo si upinde unaoburutwa kwenye miamba na vichaka. Kaboni ikipata mkwaruzo mbaya haikusamehe kama faibaglasi. Tena neno "kaboni" kwenye tangazo halikuambii ni kiasi gani. Mara nyingi ni utando mwembamba juu ya mbao au povu. Yule aliyeniuzia nilimuuliza ni kiasi gani, akanijibu kwa emoji ya moto.

Sasa nyinyi wa upande wa pili msishangilie. Mnaosema kaboni "si jadi" huku mmeshika faibaglasi, jadi gani? Faibaglasi ilienea kwenye pinde miaka ya 1950, enzi ya Fred Bear na kiwanda chake Michigan. Ni plastiki na nyuzi za kioo, wazee. Mkitaka jadi, Wawaata wa kule Tsavo waliangusha ndovu kwa upinde wa mti mmoja na mishale ya sumu, na baadhi ya pinde zao zilizidi ratili 100 kuvuta. Mimi hata nusu sifiki. Faibaglasi naitetea kwa sababu ni imara na bei yake inalipika, basi.

Mwenye kaboni na anabisha, aje nayo Jumamosi. Mita 15, mishale mizito, kila mtu kumi. Akishindwa ananunua mutura.