Je, Cheo Hupatikana kwa Salamu ya Siri?

Ndugu Wafanyakazi,

Mtu akipandishwa cheo kazini, maneno huanza siku hiyo hiyo. Ndani ya treni ya asubuhi kutoka Makadara, na jioni katika vibanda vya chai vya Kaloleni na Jericho, utasikia: "Yule ni Frimasoni. Wenzake wamemvuta." Msemaji hana ushahidi, msikilizaji haulizi, na kesho neno limefika karakana nzima. Jambo hili lahusu mshahara wetu na umoja wetu, kwa hiyo yafaa tulitazame kwa akili, si kwa hofu.

Kwanza, Frimasoni wapo, wala si hadithi ya watoto. Jumba lao la Nairobi liko barabara ya Nyerere, mtu yeyote aweza kuliona. Chama chao kiliingia nchi hii na Waingereza, miaka michache baada ya reli kufika Nairobi mwaka 1899. Wenyewe husimulia kwamba asili yao ni mafundi wa kuchonga mawe wa Ulaya. Husema fundi alitumia salamu na neno la siri kuonyesha daraja lake, apate ujira unaomstahili. Kwa hiyo salamu ile ilikuwa kama kadi ya chama. Tena kanuni zao za leo zakataza mwanachama kutumia uanachama wake kujitafutia faida ya kazi au biashara.

Lakini kanuni ni kitu kimoja, na matendo ni kitu kingine. Je, hupendeleana?

Huko Uingereza, mwaka 1997, kamati ya Bunge ilichunguza habari za Frimasoni katika polisi na mahakama. Ilisema hofu nyingi za watu zimepita kiasi, lakini ikataka wenye kazi hizo wajitaje wazi, ili raia wawe na imani. Tangu 1998 majaji wapya walitakiwa kujitaja. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2009.

Italia ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1981 polisi walipata orodha ya watu 962 wa tawi moja la siri lililoitwa P2. Ndani yake mlikuwa na mawaziri, wakuu wa majeshi na wakuu wa upelelezi. Serikali ilianguka, na mwaka 1982 sheria ikapitishwa ya kukataza vyama vya siri vya namna hiyo. Basi hatuwezi kusema kwamba jambo hili haliwezekani.

Na hapa Kenya? Mwaka 1994 Rais Moi aliteua tume chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na taarifa yake ilifika Bungeni mwaka 1999. Lakini tume hiyo ilitumwa kuchunguza ibada ya shetani. Habari ya nani hupewa kazi na kwa sababu gani haikuwa kazi yake. Mfanyakazi aliyenyimwa cheo alibaki bila jibu.

Mimi naona hivi: upendeleo hauhitaji shetani. Watu wakila pamoja kila mwezi, wakizikana na kuapiana udugu, kila mmoja atamwona mwenzake anafaa kuliko mgeni. Frimasoni ni watu, nao watajaribiwa hivyo. Lakini nyani haoni kundule. Je, mkubwa anayejaza ofisi kwa watu wa lugha yake ana salamu gani ya siri? Na yule anayeajiri watu wa kanisa lake? Na sisi wenyewe, tunapompigia kura mtu wa kwetu awe mwakilishi ingawa hajui hata kuandika malalamiko?

Mahali pamoja nilipopata kufanya kazi, nafasi ya fundi ilijazwa bila kutangazwa. Nusu ya watu waliapa kwamba aliyepewa ni Frimasoni. Baadaye ikajulikana ni mtoto wa dada yake mkubwa. Miezi yote ile tulipokuwa tukitafuta pete na alama za vidole, mjomba alikuwa amestarehe. Uvumi humsaidia mwenye kupendelea, na humwonea aliyepata cheo kwa jasho lake.

Tena tusiseme kila siri ni mbaya. Mwaka 1834 vibarua 6 wa shamba wa kijiji cha Tolpuddle, Uingereza, walihukumiwa na kupelekwa Australia kwa sababu ya kiapo cha siri. Kosa lao kweli lilikuwa kuunda chama cha wafanyakazi, mishahara ilipokuwa ikishushwa. Siri ya mnyonge ni ngao yake. Siri ya mwenye kugawa kazi ni jambo jingine kabisa, maana yeye ameshika mkate wa watoto wetu.

Basi tudai nini? Kila nafasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, pamoja na sifa zinazotakiwa. Kila anayekaa katika baraza la kuchagua aseme kama mwombaji ni jamaa yake, wa kanisa lake au wa chama chake, cha siri au cha wazi, kisha ajitoe. Na kila aliyekosa aandikiwe sababu. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, yataka kazi na vyeo vya umma vitolewe kwa ushindani wa haki na ustahili. Hatuombi hisani.

Mtu atasema: "Frimasoni ataficha." Aweza kuficha uanachama wake, lakini hawezi kuficha vyeti vya mtu wala miaka yake ya kazi vikiwekwa mezani pamoja na vya wenzake. Huko ndiko salamu ya siri hupoteza nguvu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, atakayesikia kwamba fulani amevutwa na wenzake asipeleke neno hilo kibandani. Alete kwa katibu wa tawi swali moja: nafasi ile ilitangazwa lini? Na chama chetu kianze nyumbani, kwa kutangaza wazi nafasi za karani na wajumbe wake.

Ni mimi mwenzenu,
Fundi wa Reli, Makadara