Deraya haifungui kituo cha kura

Serikali inaponunua magari ya deraya ya kubebea askari, mjadala huwa kuhusu bei na idadi. Yatakakopelekwa huulizwa kwa nadra. Kwa wakazi wa Migori na Homa Bay, hilo ndilo swali zito.

Mnamo 2016 polisi walipokea magari ya VN-4 kutoka China. Mwaka wa 2021 jeshi likaagiza magari 118 aina ya Hizir kutoka kampuni ya Katmerciler ya Uturuki, kwa zaidi ya dola milioni 91 za Marekani. Sababu ilikuwa na mashiko. Huko Lamu, Garissa na Mandera, Al-Shabaab wamewaua askari wengi kwa mabomu ya kutegwa barabarani. Tumbo la gari kama Hizir limechongoka mithili ya herufi V ili nguvu za mlipuko zitawanyike kando badala ya kupasua sakafu.

Nyanza Kusini hakujatandazwa mabomu. Ghasia za siasa huko zimekuwa za mawe, matairi yanayochomwa na barabara kuzibwa.

Marudio ya uchaguzi wa urais, Oktoba 26, 2017, hayakufanyika Homa Bay, Kisumu, Siaya wala katika sehemu za Migori. IEBC iliahirisha kura hadi Oktoba 28, kisha ikaahirisha tena bila kutaja tarehe. Dola haikukosa askari wala bunduki. Kilichokosekana ni imani kwa tume, nayo haipakiwi garini.

Hata kivita, gari la magurudumu lina mipaka yake. Hukimbia kwenye lami kuliko kifaru, lakini matope na mitaro huliweza. Nchini Haiti, Machi 2025, gari la deraya la polisi wa Haiti lilikwama katika mtaro uliodhaniwa kuchimbwa na magenge. Polisi wa Kenya waliokwenda kuwanusuru walishambuliwa, na afisa mmoja akapoteza maisha.

Kisheria, Kifungu cha 241 cha Katiba kinataka idhini ya Bunge la Taifa kabla ya jeshi kutumwa kurejesha amani palipo na ghasia nchini. Juni 2024, jeshi lilipoitwa kuwasaidia polisi wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, Mahakama Kuu haikulizuia, ila iliipa serikali siku mbili kuchapisha katika gazeti rasmi mipaka ya kazi hiyo na muda wake. Agizo la kutuma wanajeshi lilihusu nchi nzima, Migori na Homa Bay zikiwemo.