Akiba Kaengesa Ipo, Tatizo ni Bei

Imeandikwa, tena kwa kujiamini, kwamba mzazi wa kijijini hana desturi ya kuweka akiba, hivyo Tanzania iige mpango wa India wa mwaka 2015 wa akaunti ya binti. Hoja hiyo haifiki mbali ikipelekwa Kaengesa, mkoani Rukwa.

Akiba ipo. Imo kwenye magunia ya mahindi na ulezi, na kwenye sanduku la VICOBA (benki za kijamii za vijijini) lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mwanachama wake, hesabu ikisomwa mbele ya wote.

Mpango wa India hudai amana kila mwaka kwa miaka 15, na nusu ya salio huweza kutolewa kwa masomo binti akifika miaka 18. Unamfaa mwenye cha kubakiza. Tanzania yenyewe ina Mfuko wa Watoto wa UTT, taasisi ya uwekezaji ya serikali, tangu 2008; mlango uko wazi siku nyingi.

Ada ya shule za umma ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, kisha hadi cha sita mwaka 2022. Sare, madaftari na godoro la bweni vimebaki kwa mzazi, naye huuza mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa. Hapo ndipo elimu ya binti inapovuja!

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 4 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake bila riba. Mikopo hiyo ikitoka kabla ya mavuno, mama atashikilia magunia yake mpaka bei ipande.