TAHARIRI: Shilingi 100 za mafuta zifike Ukata

MLALAHOI wa Ukata anayekwenda Mbinga mjini ana njia tatu: miguu, baiskeli au bodaboda. Miguu ni bure, lakini inakula muda wa shamba. Baiskeli hainywi petroli wala haidai nauli. Ila kwenye milima ya Umatengo mwenyewe huisukuma kupanda, na kuteremka humwomba Mungu breki zishike. Bodaboda ina haraka, lakini nauli yake inatoka kwenye kahawa ile ile.

Sasa tunauliza. Mwaka 2021 Bunge liliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta, tukaambiwa ni kwa barabara za TARURA. Abiria wa bodaboda anailipa ndani ya nauli. Mwenye baiskeli naye anailipa kwenye bei ya sabuni na chumvi iliyoletwa kwa lori. Kigogo ndani ya shangingi hasikii shimo. Mwenye baiskeli analisikia mgongoni.

Hatuombi fadhila. Fedha tumekwishalipa. Hesabu zibandikwe kwenye ofisi ya kata: zimekuja ngapi, zimechonga barabara ipi? Wananchi wa Ukata wana haki ya kujua.