Je, Kiswahili Kimeshindwa na Nyuzi Sita?

Wako wenzetu wanaodai kwamba Kiswahili chafaa sokoni, msikitini, kanisani na katika mashairi, lakini kikifika kwenye elimu ya muziki hukwama. Ukiwauliza sababu, hujibu: "Kodi ya sita utaielezaje kwa Kiswahili?" Nasema wazi kwamba dai hilo ni uvivu uliovikwa joho la utaalamu.

Natutazame Sop Sop, pande za Tororo na Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Mtoto wa huko hukua kati ya Wapadhola, Wateso na Wasamia, na Kiswahili ndicho kimwunganishacho na jirani aliye ng'ambo ya pili. Gitaa nalo si geni katika ukanda huo. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alilipiga huku akiimba kwa Kiswahili. Huko Katanga, Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, aliimba kwa Kiswahili huku dole gumba na kidole cha shahada vikifanya kazi ya watu wawili. Hawa hawakungoja kamusi.

Sasa tuingie darasani. Kila aliyepata kuimba kwaya anajua do, re, mi, fa, so, la, ti. Chukua do, ruka moja upate mi, ruka tena upate so: hiyo ndiyo kodi ya kawaida. Ongeza la, ambayo ni sauti ya sita ukihesabu kutoka do. Do, mi, so, la: umekwisha kuijenga kodi ya sita. Ni neno gani hapo lililokosekana?

Kwenye gitaa ni rahisi zaidi. Shika kodi ya G: uzi wa sita, ule mnene, katika nafasi ya tatu, uzi wa tano katika nafasi ya pili, uzi wa kwanza katika nafasi ya tatu, nyuzi nyingine ziache wazi. Kisha inua kidole kilicho juu ya uzi wa kwanza. Uzi huo ukilia wazi hutoa E, nayo E ndiyo la ya G. Kidole kimoja tu kimeinuka, na kodi ya sita imepatikana.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: nikiinua na kidole cha uzi wa sita, je? Hapo dole gumba litapiga E badala ya G, na sauti zilezile nne zitaitwa kodi ndogo ya E yenye sauti ya saba. Sauti hazikubadilika, aliyebadilika ni yule aliyekaa chini. Mwalimu anayewapa watoto picha za vidole za kunakili tu, bila maelezo katika lugha waielewayo, huwanyima jambo hili, ambalo ndilo elimu yenyewe.

Wapinzani watasema kwamba neno "kodi" lina kasoro, maana pale Busia kodi ni ile inayolipwa forodhani. Basi na tulifute neno "paa", kwa kuwa ni mnyama na pia ni la nyumba! Maana huamuliwa na mazungumzo, kama vile jina la kodi linavyoamuliwa na uzi wa chini.

Jambo hili si dogo. Katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini azimio halimpi mtoto sababu ya kukipenda. Tukikifungia katika ngeli na insha za mtihani, atakiacha mlangoni siku ya mwisho ya masomo. Tukimfundishia kitu anachokitamani, atakwenda nacho nyumbani.

Walimu wenzangu, tusingoje kitabu kitoke mji mkuu. Anayejua kupiga gitaa na amfundishe mwenziwe, kwa Kiswahili, kuanzia do hadi la. Asiyejua na aende kwa mpigaji wa kijijini, aketi, aulize, na kila neno analolisikia aliandike. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.